Lupu kwenye Python: panda treni Tabora, shuka Kigoma

Haya wadau mambo vipi, nipo hapa Mwanga, Kigoma, leo tunafanya lupu na neno lisikutishe, lupu ni kuiambia kompyuta irudie kazi, basi. Fungua Python, ile lugha ya kuandikia programu, laptop au simu yoyote sawa.

Tunaanza na listi, yaani vitu vilivyopangwa kwa mfuatano. Andika hivi kama unavyoona kwenye skrini:

vituo = ["Tabora", "Urambo", "Kaliua", "Nguruka", "Uvinza", "Kigoma"]

Ndo reli inavyokuja huku kwetu. Sasa shuka chini uandike:

for kituo in vituo:
    print(kituo)

Usisahau zile nukta mbili, alafu mstari wa pili uingie ndani spesi nne, hapa ndo wengi wanakwama kwasababu Python inajua kipi kipo ndani ya lupu kwa kuangalia hizo spesi tu. Ukizifuta inakuletea IndentationError, we rudi uziweke. Haya run. Majina sita umeyaona? Raundi ya kwanza kituo imeshika Tabora, ya pili Urambo, hivyohivyo mpaka listi iishe. Kama huna listi unataka kuhesabu tu, tumia range(6), ila inaanza 0 inaishia 5.

Sasa while, hapa twende polepole jamani. Chukulia upo Kibirizi, mtumbwi una ndoo tano za dagaa, unashusha mpaka ziishe:

ndoo = 5
while ndoo > 0:
    print(ndoo)
    ndoo = ndoo - 1

Inakupa 5, 4, 3, 2, 1, inasimama. Futa ule mstari wa mwisho u-run tena, uone: 5 5 5 5 haikomi, maana kila ikiuliza ndoo zipo? jibu ni zipo, hakuna aliyepunguza. Mimi siku ya kwanza ilinitokea kwenye laptop ya kuazima, moyo ulinienda mbio kweli. Bonyeza Ctrl na C itakata. Kwahiyo kabla hujarun while yoyote, nyooshea kidole mstari unaobadilisha kitu, kama haupo usirun.

Kazi yako: rudi kwenye ile for, chini ya print, usawa uleule, ongeza

    if kituo == "Nguruka":
        break

break inakata lupu hapohapo, kwahiyo vitatoka vituo vinne. Alafu hiyo if ipandishe juu ya print, u-run, uniandikie kwenye komenti kwanini Nguruka haijatokea.