Bonasi na Isubiri Kusi Ipite
Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya wanachama wa vyama vya akiba na mikopo

Asalaam aleikum wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mliojibanza mlangoni.

Tumeulizwa kama wakuu wa benki wanastahili bonasi baada ya fedha za watu kupotea. Jibu la haraka kila mtu analo. Mwaka 2008 benki ya Merrill Lynch ya Marekani ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 27, na kwa mwaka huo huo ikagawa bonasi za dola bilioni 3.6. Ni aibu. Lakini hasira haiandiki kanuni, nasi tunataka kanuni, maana ugonjwa huo uko hata kwenye vyama vyetu. Shida kubwa ni tarehe ya malipo.

Tupige hesabu. Afisa wa mikopo kaahidiwa asilimia 1 ya kila anachokopesha. Oktoba na Novemba bahari inatulia, wavuvi wanataka injini na nyavu, naye anatoa mikopo ya shilingi milioni 20. Marejesho ya mwanzo yanaingia vizuri. Disemba vitabu vinafungwa, mikopo yote inaonekana mizima, anachukua 200,000 zake taslimu. Aprili upepo mkali wa kusi unaingia, mashua ndogo hazitoki nje ya miamba, marejesho yanasimama. Kwa kanuni za SASRA, mamlaka inayosimamia vyama vya akiba na mikopo Kenya, mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30 hutengewa asilimia 25 ya salio. Ukipita siku 180, asilimia 50. Ukipita 360, wote ni hasara. Fedha hizo zinakatwa kwenye faida, yaani kwenye gawio lenu. Bonasi imeshaliwa.

Marekani mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mikopo mingi ya nyumba iliyoleta balaa la 2008 ilikuwa ya miaka 30: riba nafuu miaka 2 ya kwanza, kisha inapanda kwa miaka 28 iliyobaki. Bonasi ililipwa mwisho wa kila mwaka, kabla riba haijapanda. Na msidanganyike mkiambiwa wakubwa wale nao waliumia kwa kuwa walilipwa kwa hisa. Wakuu watano wa juu wa Bear Stearns, benki iliyoanguka 2008, kati ya 2000 na 2008, walikuwa wameshatia mfukoni takriban dola bilioni 1.4 kwa bonasi za taslimu na mauzo ya hisa. Wale wa Lehman Brothers, benki nyingine iliyoanguka mwaka huo, takriban bilioni 1.

Ulaya waliweka kikomo kuanzia 2014: bonasi isizidi mshahara, au mara mbili yake wenye hisa wakiridhia. Benki zikaongeza mishahara na kubuni posho mpya. Mimi sikipendi kikomo hicho, kwa sababu mshahara ukishalipwa haurudi, benki ifaulu au ianguke. Uingereza ilikiondoa Oktoba 2023.

Sasa, chama chenu kifanye nini? Lipeni asilimia 40 ya bonasi mwisho wa mwaka, iliyobaki igawanywe kwa miaka 3, na kila fungu litoke baada ya kusi kupita na vitabu kukaguliwa. Kipimo kiwe marejesho, si kiasi kilichokopeshwa. Hapo ndipo ujanja huanza, kwa hiyo tusimame kidogo.

Ujanja wa kwanza: mkopo ukikaribia siku 30, afisa anampa mvuvi mkopo mpya alipie ule wa zamani, na siku zinaanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo mkopo wowote uliopangwa upya uhesabiwe umechelewa linapokuja suala la bonasi. Wa pili ni mchungu zaidi: mkopaji anashindwa, akiba ya wadhamini inakatwa, mkopo unafungwa, na kwenye ripoti ya afisa unaandikwa “umelipwa”. Umelipwa na nani? Na shangazi yake mkopaji aliyetia saini kwa kuona haya! Fedha hiyo isihesabiwe kwenye marejesho ya afisa.

Msioshika riba nanyi msijione mko salama. Murabaha, yaani chama kumnunulia mwanachama kitu na kumuuzia kwa faida, ikilipiwa kamisheni siku injini inaponunuliwa, tamaa ni ile ile.

Limebaki suala la afisa anayeacha kazi. Fungu lililoahirishwa lisilipwe siku anapoondoka. Lingoje tarehe zake, na lipunguzwe mikopo yake ikiharibika. Na haya yaandikwe kabla hajatia saini mkataba wa kazi. Machi 2009 AIG, kampuni ya bima ya Marekani iliyokuwa imeokolewa kwa fedha za umma, ililipa dola milioni 165 kwa watu wa kitengo kile kile kilichoizamisha, ikijitetea kwamba mikataba ilishatiwa saini mapema 2008. Baraza la Wawakilishi la Marekani likapitisha kodi ya asilimia 90 juu ya bonasi za namna hiyo, lakini mswada haukuwa sheria kamwe. Chukueni mikataba ya maafisa wenu, mtafute neno “kuahirishwa”. Lisipokuwemo, lipelekeni kwenye mkutano mkuu ujao.