Miaka kumi Scotland, smokie hujaonja?

Haya, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Najua kuna wanaosema huyu mzee kila tukikutana Waswahili hapa Glasgow lazima aongelee samaki, basi leo tena ni samaki, nivumilieni.

Mtu yuko Scotland mwaka wa kumi, mgeni akija toka nyumbani anampeleka Edinburgh, wanazunguka maduka ya Royal Mile kununua skafu ya drafti ya bei chee, imetengenezwa wapi hata muuzaji hajui, jioni chipsi kuku. Jamani! Pandeni treni mwende Arbroath, mji wa pwani, mkale smokie, samaki wa moshi wa huko.

Samaki ni haddock. Wanamtoa kichwa na matumbo, wanamtia chumvi, wanawafunga wawili wawili mkiani kwa uzi na kuwaning'iniza kwenye kijiti juu ya pipa la moto wa kuni, juu wanafunika magunia yaliyoloweshwa. Hayo magunia ndo kila kitu: hewa inabanwa, moto hauwaki ovyo, moshi na mvuke vinabaki humo humo, saa haijaisha samaki kaiva, rangi ya shaba. Nilipewa wangu kwenye karatasi wa moto, nikampasua kwa kidole gumba, uti wa mgongo ukatoka wote kama zipu, nyama nyeupe ina maji yake. Nikamaliza wote wawili nimesimama pale bandarini, ndege wananikodolea macho, mke wangu sikumbakizia hata mkia na kesi hiyo mpaka leo haijaisha.

Sasa yupo atakayesema, mzee, samaki wa moshi si wapo Mwanza? Wapo, ndo maana wewe utamwelewa kuliko mtalii yeyote! Ila wetu tunamkausha akae, ukimgonga analia kama ubao, huyu anaivishwa na moshi, analiwa leo. Na jina lina wenyewe, tangu 2004 haitwi Arbroath smokie mpaka atengenezwe ndani ya kilomita 8 za mji ule, ingawa asili yake wanasema ni Auchmithie, kijiji cha wavuvi hapo jirani. Mnacheka, ati samaki ana mipaka.

Haggis, chakula kingine cha huku, haraka haraka: moyo, maini, mapafu ya kondoo, oti, vitunguu. Mkenya uliyelelewa na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, unakimbia nini? Waislamu, damu haimo, ulizeni uchinjaji tu. Ile soseji nyeusi, black pudding ya Stornoway, ndo damu yenyewe, ipiteni.

Wiski... mwenyekiti ananionyesha saa, naiacha.

Kitambaa basi, dakika moja. Harris Tweed ina sheria yake ya Bunge, ya 1993: sufu itiwe rangi na kusokotwa visiwani huko Outer Hebrides, na mfumaji afume kwa mkono, nyumbani kwake. Ukishika koti geuza ndani utafute lebo yenye duara na msalaba juu. Haipo? Rudisha kwenye hanga.

Wangapi Arbroath Jumamosi? Mikono juu. Dada wa kilemba cha njano, hapo unakuna kichwa au umenyoosha?