Kumpigia Shetani Kelele

ZUHURA: Karibuni tena. Tuliahidi mafunzo matatu kuhusu albamu ya pili ya bendi, na mfano wetu ni Shout at the Devil, ambayo Mötley Crüe, bendi ya roki nzito ya Los Angeles, waliitoa mwaka 1983. Ila, Kaka Elias, nikueleze kwanza yaliyonikuta Jumanne.

ELIAS: Mama mkwe tena?

ZUHURA: Huyo huyo. Nilinunua santuri yenyewe kwa muuza mitumba, toleo la mwanzo, jalada jeusi tii lisilo na picha, naye kwa siku mbili akalifanya sinia: katikati chupa ya chai, pembeni miwani na tasbihi. Umeme ulipokatika nikawasha tochi ya simu, mwanga ukalipiga jalada kwa ubavu, na hapo kando ya tasbihi ikajitokeza nyota ya pembe tano, weusi unaong'aa juu ya weusi uliofifia.

ELIAS: Chai ikamwagika?

ZUHURA: Aliiondoa chupa taratibu, akaibusu tasbihi, ndipo akauliza maana ya jina. Nikamtafsiria: "Mpigie Shetani Kelele." Hapo nikajichongea.

ELIAS: Kwa nini, dada yangu? Hizo ni kelele za kumkemea. Nikki Sixx, mpiga besi na mtunzi wao mkuu, mwanzoni alikusudia kelele za kupigwa pamoja na shetani, kisha akabadilisha neno moja, na maana yote ikageuka.

ZUHURA: Imegeuka kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili mwizi tunampigia kelele, na bibi harusi tunampigia vigelegele. Mama mkwe aliniuliza: "Huyo mnampigia kama mwizi au kama bibi harusi?"

ELIAS: Kama mwizi! Lisikilize gitaa la Mick Mars katika wimbo "Looks That Kill", zito na kali, huku mtayarishaji Tom Werman, aliyekwisha kufanya kazi na bendi ya Cheap Trick, akihakikisha kila kiitikio kinashikika mara moja. Albamu ilifika nafasi ya 17 kwenye chati ya albamu ya Marekani kwa nyimbo, si kwa nyota.

ZUHURA: Mtu hachori alama ya adui mlangoni mwake. Mwezi Mei mwaka huo walipopanda jukwaani kwenye tamasha la muziki la US Festival huko California, umati ule mkubwa ulikuja kushangilia. Hao ni wa bibi harusi.

ELIAS: Mbona matoleo ya baadaye yalibeba picha za wanamuziki wenyewe wanne, na albamu ikaendelea kununuliwa hadi kuthibitishwa nakala milioni 4 nchini mwao?

ZUHURA: Kwa sababu nyota ilikwisha kuwatangaza.

ELIAS: Sikubali.

ZUHURA: Wala mimi sikubali.

ELIAS: Basi tuingie kwenye funzo la kwanza, kwamba albamu ya pili…

ZUHURA: Tumebakiwa na dakika moja, kaka.

ELIAS: Mafunzo yote matatu yamekwenda na chupa ya chai! Sasa anaiweka wapi?

ZUHURA: Nimempa jalada la albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1981.

ELIAS: Zuhura! Lile lenye kiuno cha mwimbaji wao, Vince Neil, ndani ya suruali ya ngozi?

ZUHURA: Miwani yake bado hajaipata.