Hesabu Nukta Kabla Hujatoa Pesa

Asalamu aleikum, na habari za jioni kwa wote mliofika.

Leo tunaongelea resolusheni, yaani wingi wa nukta zinazounda picha kwenye kioo cha runinga. Nianze na hii runinga hapa mezani. Ni ya shangazi yangu, inchi 32. Alidunduliza pesa za vitumbua karibu mwaka mzima, akaenda dukani, akauziwa boksi lililoandikwa kwa herufi kubwa "Full HD". Siku nilipoenda kumtembelea, maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari yalikuwa na kingo za ngazi ngazi. Nikaomba rula ya mwanawe, nikaibana kwenye kioo, nikasogeza kamera ya simu mpaka ikaribie kugusa, nikapiga picha. Ukiikuza picha hiyo unaona vijistari vyekundu, vya kijani na vya bluu vimejipanga vitatu vitatu. Kila vitatu ni nukta moja, ndiyo tunayoiita pikseli. Nikahesabu nukta zilizomo ndani ya sentimita moja. Zilikuwa 19.

Hebu tuifanyie kazi hiyo 19. Inchi za runinga hupimwa kutoka kona hadi kona, kwa hiyo kioo cha inchi 32 kina upana wa sentimita 71 hivi. Zidisha 19 kwa 71, unapata karibu 1,350. Hicho ni kioo cha nukta 1366 kwa 768. Full HD halisi ni 1920 kwa 1080, na kwenye rula ingetoa nukta 27. Runinga hii inapokea picha ya Full HD kwenye tundu la HDMI, lile la nyuma la kuchomeka waya wa picha, kisha inaipunguza ili ienee kwenye kioo chake. Boksi lilitaja kinachoingia, shangazi akaelewa kinachoonekana. Alilipia nukta milioni 2, akapewa milioni 1 na kidogo. Jambo hili liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Resolusheni ni hiyo tu, ndugu zangu: nukta ngapi kwa upana, ngapi kwa urefu. 4K ni 3840 kwa 2160, yaani nukta milioni 8.3, mara nne ya Full HD. 8K, ile inayoizidi 4K, nairuka, maana hata picha za kuilisha ni za kutafuta kwa tochi.

Sasa mtaniuliza, mbona basi tusinunue 4K wote tukamaliza? Hapo ndipo jicho linapoingia. Jicho zima la kawaida hutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukikaa mita 3 kutoka kwenye kioo, nukta yoyote iliyo ndogo kuliko milimita 0.87 inayeyuka ndani ya jirani zake. Runinga ya inchi 55 ya Full HD ina nukta za milimita 0.63. Kwa hiyo mwenye sebule pana, makochi yako ukutani na runinga ukuta wa pili, analipia 4K ambayo jicho lake halifikii.

Shangazi anaishi chumba kimoja. Anakaa ukingoni mwa kitanda, mita moja na robo kutoka kwenye kioo. Kwa umbali huo nukta za 1366 anaziona, na za Full HD ndiyo kwanza zingeanza kupotea. Mnaona ilivyo? Mwenye chumba kidogo ndiye anayehitaji nukta nyingi, na ndiye anayeuziwa pungufu.

Jingine ni kinachoingia. Chaneli ya kawaida ya king'amuzi, isiyo ya HD, yaani isiyo ya picha kali, ina nukta 720 kwa 576. Ukiiweka kwenye 4K, kila nukta moja inatandazwa kwenye nukta 20, na zilizozidi runinga inazikisia. Ndiyo maana mtu anabeba runinga mpya ya inchi 55 na mpira unaonekana kama umepakwa mafuta. Tena wapo waliolipia chaneli za HD, lakini king'amuzi kimeunganishwa kwa zile nyaya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe. Waya wa njano haupitishi HD hata kidogo. Leo ukifika nyumbani, chungulia nyuma ya runinga uone kama ni nyaya hizo. Na kwa wanaotazama filamu kwa intaneti, Netflix kwa 4K hula hadi GB 7 kwa saa moja. Piga hesabu ya bando lako kwanza.

Dukani usiombe kusomewa boksi. Omba runinga iwashwe, toa rula. Inchi 43 ya Full HD itakupa nukta 20 kwa sentimita, ya 4K itakupa 40. Muuzaji akikataa usipime, ondoka.

Rula ninazo tano hapa. Mwenye simu yenye kamera nzuri apite mbele, tuihesabu hii ya shangazi pamoja.