Calke Abbey: Ubaroneti Uliokosa Mtoto wa Kiume

Wadau, mambo vipi huko nyumbani! Leo nipo Derbyshire, katikati ya Uingereza. Ngoja nigeuze kamera... hilo ndilo jumba la Calke Abbey. Ukoo wa Harpur walilinunua eneo hili 1622, na jumba lenyewe likajengwa 1701 hadi 1704.

Mwaka 1626 Henry Harpur akapewa ubaroneti. Baroneti si lodi, msichanganye. Anaitwa Sir na cheo kinarithiwa, ila hakimpi kiti bungeni. Mfalme James wa Kwanza ndiye aliyekianzisha 1611. Hazina ilikuwa imekauka na alitaka askari Ireland, kwa hiyo aliyetaka cheo alitoa pauni 1,095. Biashara kavu!

Ukoo huu kwa kujifungia hawajambo. Baroneti wa saba alimwoa mtumishi wa ndani, Nanette Hawkins, akawakimbia watu kabisa. Lakini kiboko yao ni wa mwisho, Sir Vauncey Harpur Crewe. Magari alipiga marufuku kwake. Watumishi, hata mabinti zake, aliwaandikia barua, na wote wamo nyumba moja! Mapenzi yake yalikuwa kwa ndege waliokaushwa, mayai na vipepeo. Nimepita humo ndani, makabati ya vioo kila upande, macho yote kwako. Usiku silali humo hata mnilipe.

Mwanawe wa pekee wa kiume, Richard, alifariki 1921. Mzee akamfuata 1924, na ubaroneti ukafa naye, maana binti harithi cheo hicho. Jumba akaachiwa binti yake Hilda, pamoja na kodi ya mirathi, ikabidi auze baadhi ya hao ndege ili alipe. Yaani madeni apewe, jina anyimwe? Mimi naita uonevu.

Umeme umeingia hapa 1962, jamani. Kisha 1981 mrithi mwingine, Charles, akafariki ghafla. Kodi ikaja pauni milioni 8 hivi. Mdogo wake Henry akaona bora jumba liende kwa National Trust, shirika linalotunza majengo ya kale, 1985. Humo wakakuta kitanda cha hariri ya Kichina cha karne ya 18, kingali kwenye makasha, rangi inawaka.

Nao wakaamua wasikarabati. Wanazuia uharibifu usizidi, basi. Rangi ya kuta inabanduka na inaachwa hivyo hivyo. Na kiingilio tunalipa!

Haya, twendeni kwenye lile handaki walilopitishia bia mpaka jumbani. Niwashe tochi ya simu kwanza.