Injini ya IST Inagonga? Isikilize Kabla Hujaifungua

Karibuni, ndugu watazamaji. Gari letu leo ni Toyota IST ya kizazi cha kwanza, zile zilizotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, injini 1NZ. Mwenye gari anasikia mkwaruzo na mlio wa kugonga chini ya boneti, na kuna gereji imeshamwambia anunue injini nyingine. Mimi siwezi kukubali injini ifunguliwe kwa kukisia. Tuisikilize kwanza.

Usiwashe bado. Gari iwe pahali tambarare, vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, uvute tena. Hii iko kati ya alama mbili, sawa. Yako ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo ndipo uendelee. Injini hii inatumia cheni ya taimingi, na tenshena yake, yaani kifaa kinachoikaza, inasukumwa na presha ya oili. Oili ikipungua, cheni inalegea.

Sasa washa, injini ikiwa imelala usiku kucha. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanampelekea fundi gari ikiwa ya moto na mlio umeshajificha. Ukisikia cheni inachapa kwa sekunde chache halafu inatulia, fikiria tenshena. Mlio wa "tik tik" unaopungua injini ikipata moto mara nyingi ni ekzosi inayovuja kwenye gasketi: chuma kikitanuka, ufa unaziba.

Tuje kwenye kunoki, yaani injini kugonga kwa ndani, maana ndiko watu wanakotishwa. Kamshafti, shafti ya juu inayofungua vali, inazunguka mara moja wakati kranki, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, imezunguka mara mbili. Kwa hiyo mlio wa vali unatoka juu, ni mwepesi, na kasi yake ni nusu ya kasi ya injini. Noki ya beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, inatoka chini, ni nzito, na ukipiga resi inakuja juu. Kuthibitisha, zima injini, chomoa soketi ya waya wa koili, ile inayoipa silinda ya kwanza umeme wa cheche, washa kwa sekunde chache tu, sikiliza, zima, irudishe. Fanya hivyo kwa zote nne. Taa ya injini itawaka, usiogope, itafutwa kwa mashine. Silinda ambayo ukiikata mlio wa kugonga unapungua, hiyo ndiyo yenye shida, na gari hiyo isiendeshwe tena, ivutwe. Yetu? Tumekata zote nne na mlio haujabadilika hata kidogo.

Basi tunatoka nje ya injini. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse bodi ya alternata, ile inayochaji betri, mpini uweke sikioni. Kunja mikono ya shati, kanga na mtandio viwe mbali na feni belti. Mnasikia? Hapa mkwaruzo ni mkali kuliko kwenye kifuniko cha vali.

Tunazima na kutoa feni belti, kisha tunawasha kwa muda usiozidi nusu dakika, kwa sababu mkanda huu ndio unaozungusha pampu ya maji. Kimya! Sasa zima, zungusha puli ya alternata kwa mkono. Inakwaruza na inacheza.

Ni beringi za alternata. Zipo mbili, ya mbele na ya nyuma. Mwambie fundi abadilishe zote kwa pamoja, na kabla hajafunga mkanda azungushe pia puli ya pampu ya maji na ya kompresa ya AC.