Bia na pombe kali chini ya paa moja: kila kitu kiko kwenye koki

Jamani habari zenu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongee na nyie mnaotaka kufungua kamtambo kadogo ka kukeneka pombe kali halafu mshirikiane na kiwanda cha bia, jengo moja au hata kampuni moja. Mada hii naipenda sana, nimefanya kazi ndani yake miaka, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Wazo lenyewe ni zuri, nianze na hilo. Kazi ya wisiki kuanzia mwanzo mpaka katikati ni kazi ya bia tu: unasaga kimea, unakiloweka kwenye maji ya moto sukari itoke, unapoza, unatia hamira, baada ya siku chache una kitu chenye kilevi asilimia 8 hivi. Mwenye kiwanda cha bia kinu anacho, boila anayo, matangi anayo, mashine ya kupoza anayo, na matangi yake mara nyingi hayajai wiki nzima. Wewe ukija na mtambo wako wa shaba umeokoa nusu ya mtaji. Na watu wamefanya, San Francisco Fritz Maytag aliyekuwa mwenye kiwanda cha bia cha Anchor aliweka mtambo wa kukeneka humo humo kiwandani mwaka 1993, Uingereza Adnams wa Southwold ambao wanapika bia tangu 1872 wakafungua wa kwao 2010. Ila angalieni kitu kimoja hapo, wote hao mwenye mali alikuwa mmoja. Kimea chake, tangi lake, shaba yake, hasara yake. Nyie mnaokuja wawili hamna hiyo raha, na ndo maana leo nataka tuongelee koki.

Koki gani? Ile ambayo kimiminika kinatoka kwenye tangi la mtu wa bia kinaingia kwenye bomba la mtu wa pombe kali. Ukiniuliza mkataba uanzie wapi ntakwambia uanzie hapo, hisa na kodi ya pango baadaye kabisa.

Sasa sikilizeni hesabu. Lita 1,000 za asilimia 8 zina kilevi halisi lita 80. Hata ukifanikiwa kukitoa chote, na hutoweza kwa sababu kinachotoka mwanzo na mwisho wa kukeneka hakifai, unakitenga, ukikipunguza kwa maji mpaka asilimia 40 una lita 200. Lita elfu zimekuwa mia mbili! Mtu wa bia akiona hivyo anashtuka, maana yeye amezoea kilichotoka kwenye tangi ndo kinaingia kwenye chupa. Kama mlikubaliana bei kwa lita mnaanza kugombana hapo hapo, kwa sababu mpishi wa bia amezoea kuloweka kimea kwenye joto la juu kidogo, nyuzi 68 au zaidi, apate bia yenye mwili, yaani nzito mdomoni, na humo inabaki sukari ambayo hamira haiwezi kuila. Kwenye bia hiyo ni utamu. Kwako wewe ni hasara tupu, badala ya asilimia 8 unapokea 6, yaani lita 60 za kilevi badala ya 80, robo ya mali yako imebaki kwenye shaba kama maji matamu na umeilipia. Kwa hiyo pimeni kwenye koki, kiasi na nguvu, na mlipane kwa kilevi. Mkifanya hivyo mpishi mwenyewe atashusha joto mpaka 63, 64, hutahitaji kumbembeleza.

Na mwambieni asichemshe. Bia kwa kawaida inachemshwa na hopsi, yale maua ya kuipa uchungu na harufu, lakini kimea cha kukeneka watengeneza wisiki wengi hawakichemshi, vimeng'enya vinabaki hai vinaendelea kuvunja ile sukari ngumu iwe ya kuliwa na hamira, mpaka ndani ya tangi la kuchachushia. Hopsi nazo msiziweke, uchungu wake haupandi na mvuke ila mafuta yake ya harufu yanapanda, yanaingia kwenye pombe. Wajerumani wanaitaka harufu hiyo, wana pombe kali inayokenekwa kutoka kwenye bia kabisa wanaiita Bierbrand, kama unataka hiyo sawa, ila iwe umeamua mwenyewe, isiwe umeletewa bia iliyokosa wateja ukaambiwa keneka tu.

Niwaambie kilichonikuta. Sehemu niliyokuwa nafanya kazi tulikuwa tunaazimana mipira ya kuhamishia kimiminika, tunaisuuza kwa maji ya moto tunarudisha. Upande wetu wa kukeneka tulikuwa tunaacha tangi likae siku moja mbili zaidi makusudi, bakteria wa maziwa, wale wanaochachusha maziwa, waingie, wanaleta ladha nzuri sana kwenye wisiki. Bakteria haohao wakapanda kwenye mpira, wakaingia kwenye bia nyepesi ya wenzetu. Tangi zima lilichacha. Yule mpishi hakupiga kelele, alikaa tu kwenye ndoo akiangalia bia inamwagwa, na mi mpaka leo nikikumbuka ule uso naumia kweli. Mipira tofauti, pampu tofauti, rangi tofauti, na isivuke koki. Hili sina mjadala nalo.

Halafu moto. Bia ya asilimia 5 haishiki moto, kwa hiyo watu wa bia hawana mazoea ya kuogopa, wanachomelea vyuma popote, fokolifti inapita popote. Pombe ya asilimia 40 ikifika nyuzi 26 hivi mvuke wake unaweza kuwaka, na ile kali inayotoka kwenye shaba inawaka hata kwenye ubaridi kuliko huo. Mvuke huo ukifika kama asilimia 3 na kitu ya hewa, mvuke wenyewe unaweza kulipuka, na ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini unafuata mtaro wa sakafu mpaka upande wa pili. Ukuta, feni za kutoa hewa chini sio juu tu, taa na mota zisizotoa cheche. Na bima ya jengo zima itapanda kwa sababu yako wewe, sio yake, tofauti hiyo ulipe wewe na iandikwe.

Serikali nazo zinaliona hilo. Sheria ya Marekani kwa mfano inasema mtambo wa kukeneka usikae mahali panapotengenezwa bia mpaka upewe ruhusa maalum, kwa hiyo unachora kwenye ramani mpaka wako unaishia wapi na wake unaanzia wapi. Ushuru wa bia na wa pombe kali unahesabiwa tofauti, vitabu tofauti. Mpaka huo ukiupitisha kwenye koki ileile, kipimo kilekile kinawasaidia kwenye malipo na kwenye ushuru.

Kuhusu hisa ntakuwa mfupi. Msizichanganye mwaka wa kwanza. Nunua kimiminika, lipa pango, lipia mvuke wa boila kwa mita, mjuane. Bia inarudisha hela ndani ya wiki chache, wisiki Ulaya haiitwi wisiki kabla ya miaka 3 kwenye pipa, kwa hiyo mwenzako atakuwa anakulisha muda mrefu na kuna siku atachoka, ni binadamu. Jini, ile pombe kali isiyohitaji kukaa kwenye pipa, inasaidia, inauzwa haraka.

Na mapipa, hapo ndo naomba muandike vizuri kuliko pote. Pipa la pili kutoka mlangoni ni la nani? Kimea cha nani, mbao za nani, na mkiachana mwaka wa pili nani anakaa nalo huo mwaka uliobaki, nani anabeba kinachopotea kwa kuvukizwa? Chukua chaki, andika jina kwenye kila pipa siku linapojazwa, wote wawili mkiwa mmesimama hapo.

Haya, maswali. Dada pale nyuma naona umenyoosha mkono muda mrefu, tuanze na wewe.